Barua Ambazo Mjomba Hawezi Kuzisoma

Doha, Ijumaa, 21 Oktoba 2011

Mwanangu Vuai,

Barua hii ikukute mzima wa mwili, na kama una mafua kama yale ya mwaka jana basi yawe yamekwisha. Mimi mama yako Mwanahamisi nipo, goti la kushoto tu ndilo linaninyanyasa nikipanda ngazi. Mjomba wako Abubakari ni mzima, bado anaendesha basi la walinzi wa kampuni uliyoiacha, asubuhi anawapeleka lindoni kwenye majumba ya Pearl, jioni anawarudisha kambini. Huko Makunduchi bibi yako Riziki anakusalimu sana, jicho lake limetiwa dawa na sasa anaona mpaka kuku wa jirani. Dada yako Asha anakusalimu, mumewe anakusalimu, na wale pacha wanakusalimu, mmoja ameota meno na mwenzake bado, Asha ana wasiwasi, nimemwambia aache ujinga. Shoga yangu Bi Kazija wa dukani anakusalimu, anauliza utaoa lini. Mbuzi naye ningekutajia kama angekuwa anasema.

Simu yangu usipige. Siku hizi mjomba wako anaipokea yeye, anakaa nayo mfukoni. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua hata aione hawezi kuisoma, unamjua, skuli aliingia mlangoni akatokea dirishani. Mimi angalau ngumbaro, ile skuli ya watu wazima, ilinisaidia. Anayekuletea hii ni Pamela, yule muuguzi wa Kenya anayekuja kumpiga sindano bibi wa Kiarabu ninayempikia. Kila mwezi anakwenda huko Manama kwa dada yake Hannah. Jibu mpe yeye, usimpe mtu mwingine.

Sasa, Vuai. Umeondoka Doha bila kuniaga. Nimekuja kuambiwa na watu kwamba mwanangu amepata kazi Bahrain, nikajifanya nilikuwa najua. Hilo nimelimeza. Lakini wiki moja baadaye mjomba wako akalifungua sanduku ulilolisahau chini ya kitanda chake hapa Al Mansoura. Picha aliyoikuta humo juu ya barua zako siielezi, mkono unakataa.

Nakuuliza habari ya Athanas, yule mlinzi mwenzako wa kambini. Ijumaa ngapi tumekwenda sote watatu kwenye yale maduka makubwa? Mlinzi anakaa mlangoni, anasema leo ni siku ya familia, wanaume peke yao hawaingii, na mimi namwambia hawa wanangu wote wawili, anatupisha. Athanas ananibebea kikapu, ananiuliza, "Mama, goti?" Nikawa nafurahi kama mwehu. Sasa mjomba wako anasema mimi ndiye niliyekuwa tiketi yenu. Mama mtu, tiketi! Jana nimetapika chai.

Niambie ni uongo. Neno moja tu, uongo, mimi nitalielewa. Usinicheleweshe.

Mama yako.


Manama, 30 Novemba 2011

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua imefika na nimeisoma nikiwa nimesimama. Mimi ni mzima, mafua hayapo. Nisalimie bibi, na hilo jicho nimelifurahia. Msalimie Asha na shemeji, na waambie pacha mjomba wao atawaletea viatu. Msalimie Bi Kazija. Mjomba Abubakari pia msalimie, ukiona inafaa.

Kazi yangu ni ya dobi, katika hoteli. Mashuka tu, mama, asubuhi mpaka jioni, mashine moja ni kubwa kama chumba chako. Mikono imekuwa laini kwa sabuni, ungeicheka. Mitaa mingine ya mji huu ina vurugu na askari, lakini upande wetu ni kimya.

Chumbani tuko sita. Aliyenipokea ni Bradley, Mkenya wa Nakuru, yuko hapa mwaka wa tano. Wawili ni Wafilipino, wananyoa nywele saluni. Mmoja ni wa Colombo, na mmoja ametoka Kuwait baada ya kufukuzwa kazi. Kila Alhamisi wanakuja wageni, wengine wanavuka lile daraja refu kutoka Saudia, wengine wanatoka Kuwait. Tunapika, tunakula, wanalala chini kwenye magodoro, Jumamosi wanarudi makazini. Juzi nimewapikia biriani nikaharibu, nikakukumbuka.

Sanduku lile nililisahau kweli. Nguo zilizomo mpe mtu anayehitaji. Karatasi zilizomo nakuomba uzichome moto.

Athanas bado yuko huko kambini, likizo yake ni Machi. Anakusalimu.

Mwanao, Vuai.


Doha, Ijumaa, 16 Desemba 2011

Vuai,

Mimi ni mzima. Bibi yako mzima. Asha mzima, na yule pacha wa pili naye ameota jino. Basi, salamu zimetosha.

Nilikuomba neno moja, umeniletea mashuka. Nimeisoma barua yako mara nne nalitafuta. Nimeona Colombo, nimeona biriani, neno sikuliona. Kisha mwishoni unaniambia nichome karatasi, na Athanas ananisalimu. Kumbe ndiyo majibu hayo. Basi nimeyapata.

Vuai, nimeona kinyaa. Siwezi kukuficha, mimi ndiye niliyekuosha mavi, nikufiche nini? Ile chupa ya chai aliyoninunulia Athanas nimeitupa pipani, kisha nikaenda kuitoa, kisha nikaitupa tena. Shuka ulilolilalia nimelifua mara tatu. Nikifikiria hao wageni wako wa Alhamisi wamelala magodoroni nainuka nikanawe mikono. Sikukulea kwa ajili hiyo, na usiniambie dunia imebadilika, mimi na dunia hatujafahamiana kiasi hicho.

Lakini karatasi siwezi kuzichoma. Zimeshasomwa.

Ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyopita, baada ya sala. Mjomba wako aliwaalika wenzake wanne hapa chumbani, nikawapikia pilau. Kwa kuwa hajui kusoma, zile barua za sandukuni akampa Twaha, yule dereva mwenziwe anayependa kuitwa sheikh. Twaha akazisoma barua za Athanas kwa sauti ya kike, moja baada ya nyingine, kidole amekipinda. "Vuai wangu, leo zamu ya asubuhi nimesimama juani nikikuwaza." Wakacheka mpaka wali ukawaruka mdomoni. Mimi nimesimama na bakuli la kachumbari, sijui niliweke wapi. Abubakari, ndugu yangu wa tumbo moja, akasema, "Lete maji basi, mama wa bi harusi!"

Twaha alikuwa ananyonya mfupa, mafuta yanamchuruzika kidevuni, huku anaeleza watu kama nyinyi wafanywe nini, na kwa kitu gani, na muda gani. Anaeleza taratibu, anarudia pale anapopapenda. Nikamtazama. Mtu aliyekichukia kitu hakielezi kwa hamu namna ile. Nikaingia chooni nikatapika, na safari hii hakikuwa kinyaa chako.

Sasa sikiliza. Mjomba wako anataka kumshitaki Athanas kwa wakubwa wa kampuni kabla hajaenda likizo, wamnyime kibali cha kutoka nchini na wampeleke polisi. Ofisini wamemwambia mdomo mtupu hawautaki, kila siku madereva wanawasingizia walinzi. Wanataka maandishi. Anasema mimi mama mzazi ndiye nitakayeandika kwamba Athanas amekuharibu. Kila siku ananiuliza, "Umeandika?" Namwambia kalamu imekwisha wino. Kalamu moja inakwisha wino mara ngapi?

Nijibu. Nisipojua ukweli wote nitaandika nini, au nitakataa kwa sababu gani?

Mama.


Manama, 8 Januari 2012

Mama,

Shikamoo. Salamu kwa wote, sitawataja mmoja mmoja leo, wanisamehe.

Si uongo. Hilo ndilo neno langu.

Hakuniharibu mtu. Athanas sikumkuta Doha akaja akanigeuza. Nilikuwa hivi Makunduchi, nilikuwa hivi nilipokuwa nakushikia taa ukisoma kitabu cha ngumbaro. Unamwita Bi Kazija shoga yako kwa sababu unamwambia kila siri. Neno hilohilo ndilo mjomba na wenzake wanalotutemea sisi, na mimi sikuwahi kuwa na mtu wa kumwambia siri mpaka nilipompata Athanas. Kukuambia wewe nilitaka, mama. Nilianza mara mbili. Mara ya kwanza ukaniuliza kama nina njaa. Mara ya pili niliogopa uso wako, ule uliokuwa nao ulipoiandika barua hii iliyopita.

Hao wageni wa Alhamisi unaowaonea kinyaa, nikuambie ni watu gani. Mtu akifukuzwa Kuwait anapewa namba ya Bradley. Akikamatwa hapa, Bradley anajua namba ya mtu wa Muscat. Hatuna ubalozi wetu sisi, tuna namba za simu. Mmoja wa wale Wafilipino aliugua mapafu mwezi wa Novemba, tukawa tunampeleka hospitali kwa zamu, mimi nilimwosha mwili. Hata huyo wa Colombo anayemchukia Mungu alimwombea. Magodoro yale tunalala tumechoka, mama, tunakoroma kama watu wengine wote.

Tiketi ya Athanas ya likizo ni ya tarehe 9 Machi, inapitia hapa Manama. Kibali chake kimeshasainiwa. Bradley amemtafutia viza na kazi palepale dobini kwetu. Akishapanda ndege hiyo amepona. Mjomba akipeleka maandishi kabla ya hapo, hatapona.

Sikuombi unipende hivi nilivyo. Nakuomba usiandike.

Vuai.


Doha, Ijumaa, 3 Februari 2012

Mwanangu Vuai,

Naandika kwa haraka, Pamela amekaa hapa kitandani ananisubiri, amevaa nguo zake za kanisani, anachelewa ibada huko Mesaimeer kwa ajili yangu. Wote ni wazima. Bibi anakusalimu.

Nimeandika.

Tulia, usiitupe barua. Jumapili mjomba wako alininunulia kalamu mpya na karatasi nne, akanikalisha. "Andika wewe mama mtu. Andika Athanas amemharibu mwanangu, anaharibu na wengine kambini." Akasimama nyuma yangu kama msimamizi wa mtihani. Nikaandika mpaka mkono ukafa ganzi. Akasema, "Haya, soma." Nikamsomea yote aliyoyataka, neno kwa neno, hata nikaongeza "mchana kweupe". Akafurahi, akanipiga bega.

Kesho yake akanipeleka ofisini kwao. Yuko karani mmoja Mkenya, Gerishon, ndiye anayegeuza Kiswahili kuwa Kiingereza kwa wakubwa. Akavaa miwani, akasoma karatasi ya kwanza. Akasoma ya pili. Akaigeuza, akatazama nyuma yake. Akaniangalia mimi. Akasoma ya tatu.

"Mzee Abu," akasema, "ripoti iko wapi?"

"Si hiyo mkononi!"

"Hapa mathe, huyu mama, anasalimia tu. Amesalimia mkurugenzi, bibi ya mkurugenzi, watoto wa mkurugenzi kama anao, wapishi wa kambi, mpaka kuna nyanya fulani, bibi Riziki, na jicho lake."

"Endelea mbele, imo!"

"Nimeendelea. Kuna mtoto ameota meno. Kuna mwingine naye ameota. Kisha, ngoja, 'ama baada ya salamu, kijana wenu Athanas alinibebea kikapu goti liliponiuma, sina zaidi, wasalaam.' Mzee, unataka nimpelekee bosi Mwingereza habari ya meno?"

Ndivyo nilivyofundishwa ngumbaro, Vuai, barua ianze na salamu za kila mtu, usimruke hata mmoja. Sikumruka hata mmoja. Abubakari akaninyang'anya zile karatasi, akazikodolea macho, juu chini, juu chini, na mimi nikamwambia, "Zisome mwenyewe, kaka." Gerishon akainama mezani, mabega yanamtikisika.

Nyumbani alinipiga kibao. Toka tukiwa wadogo hajanipiga. Shavu limepoa, usihangaike nalo.

Na wewe usinishukuru, sitaki. Sikubadilika. Uliyoniandikia nimeyasoma, mengine nimeyaelewa, mengine nikiyafikiria bado nataka kunawa mikono. Huenda nitakufa hivi. Lakini kati ya kinyaa chako na kinyaa cha wale waliokula pilau yangu huku wakikucheka, mimi chako nakiweza. Nimekizaa mwenyewe.

Pamela amemfikishia Athanas habari. Nimemwagiza huyo kijana afunge mdomo, asiandike barua hata kwa mama yake, na siku ya safari atafute teksi, asipande basi la Abubakari hata kama ni la bure.

Nijulishe mara akifika.

Mama yako.


Manama, 14 Machi 2012

Mama, shikamoo.

Athanas hajafika. Ijumaa nilimsubiri uwanjani kuanzia adhuhuri mpaka ndege yake ikashusha watu wote na mizigo. Jumamosi nikaenda tena, na Jumapili. Simu yake imezimwa. Kambini wanasema ameondoka Doha. Hannah ananisaidia kuipeleka barua hii kwa mtu anayesafiri leo. Umesikia chochote?

Vuai.


Doha, Ijumaa, 23 Machi 2012

Mwanangu mpenzi Vuai,

Sina salamu za kukupa, sijawasiliana na nyumbani wiki mbili. Mimi sikai tena kwa mjomba wako. Niko chumbani kwa Pamela, tunalala kitanda kimoja, miguu yake ya baridi. Simu mpya ninayo, ila namba yako imebaki kwenye ile ya mfukoni mwa mjomba wako; yangu nimekuandikia nyuma ya bahasha, piga utakavyo.

Barua yako nimeipata Jumamosi. Siku hiyohiyo nikaenda kambini, nikasimama langoni mpaka Gerishon alipotoka. Akaniambia tarehe 9 Athanas alitoka na begi lake na paspoti yake, kila kitu sawa. Teksi aliyoiagiza haikuja. Kampuni ikampa basi limpeleke uwanjani. Nikamuuliza, basi la nani? Gerishon akatazama viatu vyake.

Nikarudi Al Mansoura. Abubakari alikuwa anakula. Nikamuuliza umempeleka wapi mtoto wa watu. Akasema, "Nimemshusha uwanjani saa nane mchana, muulize Mungu." Akachota wali. Nikamuuliza tena. Akasema, "Mwanamke, chumvi haikukolea," akachota tena. Sahani mbili alikula, Vuai, na ya tatu akaifuta kwa mkate, na alikuwa ametulia, ametulia kabisa. Nilimtazama anavyotafuna nikahisi nijichune ngozi niitoe damu yake humu ndani. Nikakusanya nguo zangu kwenye mfuko wa plastiki nikatoka. Pale sirudi, hata jeneza langu lisipitishwe pale.

Pamela ameulizia hospitali mbili. Moja wamesema hawana mtu huyo. Nyingine wamesema wana wanaume watatu wa Afrika waliolazwa bila karatasi, lakini mpaka ataje jina kamili ndipo wafungue daftari. Jumatatu nikaomba ruhusa kwa bibi ninayempikia, nikaenda polisi mwenyewe, goti hili hili. Mkalimani alikuwa Msudani mpole, akanipa kiti. Akaniuliza unamtafuta nani. Nikasema Athanas. Akasema, Athanas nani, mama?

Miaka mitatu amenibebea kikapu na mimi namjua jina moja. Nikasema ni mrefu, ana pengo hapa, ni wa Songea. Akaandika mrefu, akaacha kalamu.

Sijui kama nimekusamehe, na sasa hivi sina nafasi ya kulifikiria. Nataka kurudi pale kwenye kiti nikiwa na la kusema. Niandikie jina lake lote, lake na la baba yake na la babu yake, mwaka aliozaliwa, na kijiji chao. Na jina la mama yake, nikimpata nijue nimpigie nani, na nisipompata pia. Pamela anapanda ndege Jumatano. Nimemwambia asiketi, asinywe chai, asimame mlangoni kwako mpaka umalize kuandika.

Mama yako.